Kicheko cha Kibaigwa

Jumapili, 12 Mei

Kazini masjala huwa naandika nani kachukua faili gani na lini amelirudisha. Nimeona niandike na ya nyumbani kwangu, maana humu nako kuna kitu kilichukuliwa na hakijarudi.

Mavuno yameanza. Nathanaeli ni dalali wa mahindi Kibaigwa, kwa hiyo kuanzia sasa mpaka Septemba nina mume kuanzia Jumamosi jioni hadi Jumatatu alfajiri. Leo ametoka kanisani, akapitia mlango wa nyuma, akachukua sahani yake, akaenda kula kule penye tangi la maji, ameupa mgongo mlango wa jikoni. Tuna meza ya watu sita. Mama yangu, ambaye huu ni mwaka wa sita anaishi nasi hapa Ipagala tangu macho yake yapotee, alikuwa sebuleni na mlenda wake. Mimi nimekula nimesimama, katikati ya hao wawili, kama mhudumu wa hoteli.

Nikamuuliza bei ya mahindi ikoje. Akasema, "Si mbaya." Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya Jumapili.

Jumatatu, 13 Mei

Ameondoka. Upepo umeanza.

Jumanne, 21 Mei

Restuta wa mapokezi alikwenda Kibaigwa Jumamosi kununua mahindi ya kwake. Leo amenijia mezani anacheka kabla hajasema.

"Penina, kumbe mumeo mchekeshaji hivyo na hujatuambia! Katuigizia mnunuzi wa Dar anayeogopa vumbi, mpaka kuli mmoja kaangusha gunia."

Nikamwambia atakuwa amemfananisha.

"Nathanaeli dalali, mwenye mwanya, si ndiye?"

Ndiye. Jioni nimechambua mchele kwa hasira nikatupa mzuri nikabakiza mawe. Miaka sita sijasikia mtu huyu akicheka ndani ya nyumba hii. Mwanaume asiyecheka kwake akacheka kwingine, mimi si mtoto, najua maana yake. Kuna mwanamke.

Jumamosi, 1 Juni

Nimemuuliza. Nilianza kwa upole, naapa.

"Baba Ruthu, nasikia sokoni unavunja watu mbavu."

"Nani kasema?"

"Watu wenye masikio."

"Mambo ya sokoni hayo, Mama Ruthu." Kwa sauti ile ya chini, ya mtu aliyekuja kutazama mgonjwa.

Nikapandisha yangu. Nikamwambia huyo anayemchekesha aje nimwone na mimi nicheke. Mama akakohoa chumbani kwake, na hapo hapo Nathanaeli akainuka akatoka nje. Hakubamiza mlango. Hajawahi kubamiza mlango, na hilo nalo limeanza kuniudhi.

Jumanne, 4 Juni

Baridi kali. Mama kauliza kwa nini natupatupa vyombo. Nimesema vinateleza.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya ibada mama alikaa uani kuota jua. Nilikuwa namsuka. Akasema, kwa fahari kabisa, "Mkwe wangu ana adabu. Miaka yote hii sijasikia sauti yake ikipanda. Wenzangu waliokaa kwa wakwe zao wanasimulia matusi, mimi sina la kusimulia."

Nikasema ndiyo, mama. Moyoni nikasema adabu hiyo ampe huyo mwanamke wake, mimi anirudishie mume.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeomba ruhusa kazini, nikasingizia kliniki ya macho ya mama. Mungu atanisamehe. Nikapanda basi la saa mbili, sikumwambia mtu.

Sijafika soko lile tangu binti yetu Ruthu akiwa mdogo. Malori yamejipanga mpaka barabarani, mahindi yamemwagwa kwenye maturubai, wanawake wanapepeta, vumbi la pumba linaingia hadi kooni. Nikajifunika khanga mpaka kwenye nyusi, nikasimama nyuma ya lori kama mwizi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno, na viatu vya kukimbilia nilivaa.

Nikamsikia kabla sijamwona. Alikuwa amesimama juu ya rundo la magunia, na chini yake Mrangi mmoja mnene mwenye kofia, ambaye baadaye nilimjua kuwa ni Abdulrahim, mkulima wa Busi anayemletea mzigo kila mwaka. Ni watani hao, Mgogo na Mrangi, na hapo sokoni utani ndio salamu.

"Shuka juu ya mahindi yangu, Mgogo ombaomba wewe, utayaombea na chumvi!"

"Nishuke niende wapi? Wewe umeshuka milimani jana tu, umelikuta lori limesimama ukalikatia majani!"

Watu wakaangua kicheko. Nathanaeli akamwigiza Abdulrahim analipapasa lori shingoni, analibembeleza likubali kula, analiuliza kama lina mimba. Makuli walishusha mizigo wakaketi. Kisha akacheka mwenyewe. Kile kicheko chake kinaanza tumboni, kinakwama kidogo, halafu kinatoka chote. Nilikuwa nimekisahau. Kicheko hicho ndicho kilichonifanya nimkubali, nikiwa na wachumba wawili wenye mishahara.

Nikazunguka hadi kwa mama lishe, nikaketi kwenye benchi. Bibi mwenyewe anaitwa Tabu, ana umri wa mama yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nikupe wali au ugali?"

"Nipe chai. Yule dalali anakula hapa?"

"Baba Ruthu? Hapo ulipokaa. Anakula huku anaimba. Ukimpa chai bila stori haishuki."

Nikavuta pumzi. "Na huyo mke wake wa huku?"

Tabu akanitazama kama niliyemtukania mtoto. "Mke wa huku yupi? Mkewe yuko Ipagala. Anamsifia mpaka tumechoka. Msomi, anatunza mafaili ya serikali, faili likipotea Dodoma nzima anaitwa yeye."

Sikuweza kunywa ile chai. Nikainuka, na kule kuinuka ndiko kulikoniponza, maana khanga iliteleza na Nathanaeli akageuka. Alikuwa amefungua mdomo kusema jambo la kuchekesha, watu wameshaanza kucheka kabla. Akaniona. Uso wake ukajifunga. Sina namna nyingine ya kuliandika. Akashuka kwenye magunia, akaja kwangu ameinamisha kichwa, akaniuliza kwa ile sauti ya nyumbani:

"Nani amefariki?"

Ijumaa, 14 Juni

Jana nilimjibu hakuna, nikapanda basi la kurudi. Laiti ningemkuta mwanamke. Mwanamke ana jina, ana mlango, ningeenda kumpigia kelele majirani wakajaa. Huyu aliyeninyang'anya mume ni mume mwenyewe.

Jumamosi, 22 Juni

Amerudi na mfuko wa maharage. Tumesalimiana kama watu wa foleni moja.

Jumapili, 23 Juni

Baada ya kanisa nikamwambia asiende nyumbani, tutembee. Tukaenda mpaka mwisho wa viwanja, kule kwenye nyumba ambazo hazijaezekwa. Nikamwambia hatuondoki hapa mpaka aniambie nimemkosea nini.

Alitazama kuta zile zisizo na bati. Halafu akasema, "Pale nyumbani yupo mama."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mgeni wa nchi.

"Wewe umekulia mjini, Mama Ruthu. Mimi baba alinifundisha ukwe. Mama mkwe huli mbele yake, hupiti naye mlango mmoja, huchekicheki akakusikia. Ukifanya hivyo umemvua nguo."

"Lakini mama mwenyewe alikuambia ujisikie nyumbani! Na mchungaji alisema hayo ni ya zamani. Na wewe ukasema sawa."

"Nilisema sawa. Ulitaka niseme nini? Mama ana macho yameharibika, umemleta, nimwambie asiingie?" Akaokota kijiti, akakivunja. "Angekuwa anaona ningejua pa kumkwepea. Asiyeona anakaa na masikio yake. Nikicheka hata bafuni, amenisikia."

"Miaka sita, Nathanaeli."

"Ni sita, eeh?" akasema, kana kwamba hakuwahi kuihesabu.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akanitazama usoni, jambo analofanya kwa nadra siku hizi. "Ningekuambia nini? Kwamba mama yako atoke?"

Jumatatu, 24 Juni

Sina usingizi, na sijui nimkasirikie nani. Nilidhani ukwe ni mambo ya siku za posa na mahari, yanaisha pilau ikiisha. Alipokula kule tangini nilisema ana kiburi. Alipopita mlango wa nyuma nilisema ananikwepa. Kila alichofanya kwa heshima nilikiandikia jina la dharau, na jina likiandikwa moyoni mwangu halifutiki.

Kuna kingine nimekumbuka. Mwaka ule wa kwanza mama alipokuja, tukiwa chumbani, Nathanaeli alinisimulia kitu akaanza kucheka chini chini. Mimi nikamwambia, "Nyamaza, mama amelala." Niliyasema mimi hayo. Na si mara moja.

Jumapili, 30 Juni

Ruthu amepiga kutoka chuoni Morogoro. Nimemuuliza baba yake huwa anamwambiaje kwenye simu. Akacheka tu kwa kukumbuka. "Mama, baba yule ni komedi. Juzi kanichekesha mpaka mwalimu kanitoa darasani." Nikasema haya, soma.

Kumbe hata mtoto anamjua. Ni mimi peke yangu nisiyemjua.

Jumapili, 14 Julai

Nimempigia kaka yangu Elieza, yuko kijijini Handali kwenye kiwanja cha baba. Nimemwambia mama amechoka na mji. Akasema, "Mlete. Ila ajue choo cha huku kiko nje, na mke wangu anashinda shambani." Nikasema atazoea.

Najua ninachofanya. Sikumwambia Nathanaeli, nilitaka akute nyumba ni yake.

Ijumaa, 26 Julai

Nimekunja nguo za mama. Zimeenea kwenye mfuko mmoja.

Jumamosi, 27 Julai

Nimekodi gari mapema, kabla Nathanaeli hajarudi kutoka Kibaigwa.

Mama hakubisha. Alioga, akavaa gauni la kanisani. Kisha akaanza kutoka, mkono ukutani, kama anavyotembea siku zote: kitanda, kabati, kona ya korido, swichi ya taa ambayo haimsaidii kitu lakini huwa anaigusa. Alipofika mlango mkubwa akasimama.

"Penina, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu mama. Kule kuna hewa nzuri."

"Mkwe wangu anajua?"

"Anajua," nikasema.

Akasema basi nimwachie salamu, na nimwambie amemtunza vizuri kuliko wanawe. Njiani nilikuwa nalia na dereva anajifanya anatazama barabara. Mama alikuwa ameniegemea begani, anadhani nina mafua.

Kufika Handali hajui ukuta hata mmoja. Nyumba aliyotuzalia imebomolewa, Elieza kajenga nyingine ya matofali. Nilimwacha katikati ya sebule, mikono mbele, anatafuta pa kushika.

Jumamosi, 3 Agosti

Wiki ile alipitiliza kwenye mzigo, kwa hiyo leo ndiyo amerudi. Mlango wa nyuma. Akasimama kidogo, akasikiliza.

"Mama yuko wapi?"

Nikamwambia. Nilikuwa nimepika kuku, nimetandika kitambaa mezani, nimesuka nywele. Nikamwambia sasa nyumba ni yako, cheka mpaka bati ling'oke.

Akaketi kwenye kochi, akashika kichwa. "Umemtoa kwa jina langu?"

"Nimemtoa kwa ajili yetu."

"Mimi sikuomba. Mimi nilimstahi miaka sita, wewe umenifanya mkwe aliyemfukuza asiyeona." Hata hapo hakupandisha sauti. Laiti angepandisha.

Akachukua sahani yake akaenda kula kule tangini.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Sikwenda popote. Vumbi tupu.

Jumapili, 11 Agosti

Leo amekula mezani. Nilimwomba. Alikaa kwenye ncha ya kiti, mgongo umenyooka, kama aliyekuja kuposa. Nikamsimulia mkuu wetu wa idara alivyotafuta miwani iliyo kichwani mwake. Akacheka. Kilikuwa kicheko cha kunisaidia, kimekwisha kabla sijafunga mdomo. Nikainuka nikajifanya naongeza mboga.

Jumapili, 18 Agosti

Abdulrahim kaja mjini na mzigo, Nathanaeli kamkaribisha. Hiyo peke yake ni sikukuu.

"Shemeji, huyu Mgogo anakulisha kweli, au unamlisha wewe?" Ndiyo salamu yake. Na Nathanaeli, kwenye kochi langu, chini ya bati langu, akamjibu. Wakacheka mpaka jirani akachungulia ukutani. Nilikuwa jikoni nimeshika mwiko, nacheka na kulia, nikasema Mungu wangu, amerudi.

Nikatoka na chai. Akaniona, akapokea trei, akasema asante Mama Ruthu, kwa ile sauti. Abdulrahim akamtazama, akanitazama mimi, akaanza kuzungumzia mvua.

Alipoondoka tukabaki wawili. Nikamwambia mama hayupo. Nani sasa anayekusikia?

"Najua hayupo," akasema. "Nimejaribu, Penina." Haniiti Penina kamwe. "Sauti hii ya chini nimekusemesha nayo miaka sita. Nikikuona tu inakuja yenyewe. Si mama tena, ni wewe. Nimekuzoea kwa heshima kama ninavyomstahi yeye, na sijui nianzie wapi kuitoa."

"Huko Kibaigwa unanisifia."

"Nakusifia sana," akasema. "Huko napata maneno."

Nilitaka kumgusa mkono. Nikaogopa atauinamia.

Jumapili, 25 Agosti

Tumekwenda Handali kumrudisha mama. Wazo lilikuwa lake, nami nilikubali kabla hajamaliza kusema. Alibeba debe la unga, akasimama nje ya ua, hakuvuka.

Mama amekonda. Ana kidonda ugokoni, alijikwaa kwenye jiwe la mlango wa choo. Nikapiga magoti, nikamwambia ukweli wote, kuanzia kule sokoni. Alinisikiliza uso umeelekea ukutani.

"Kwa hiyo kile kimya kilikuwa mimi," akasema. "Na mimi nilikuwa nakaa pale nakisikiliza, nashukuru Mungu. Nasema mwanangu amepata nyumba yenye amani."

"Twende nyumbani, mama. Hata yeye anataka."

"Anataka kwa sababu ana adabu. Mngeniambia ningeondoka siku ile ile na mguu mzima. Mwache mkwe wangu apumzike, mwanangu. Huku nimeshaanza kujifunza kuta."

Nikamwambia hata mkikaa mbalimbali haitasaidia, imeshaharibika. Akanipapasa kichwa, akakuta nimesuka, akafuata mistari kwa kidole. "Kamwambie nimemsikia akikohoa pale nje," akasema. "Mwambie mbukwenyi."

Nikapeleka salamu hiyo ya Kigogo. Nathanaeli akaitikia kwa kuinama kuelekea nyumba ile, ingawa waliomwona ni kuku tu. Tukapanda basi kurudi. Nilikuwa naye pembeni, goti lake linagusa langu, na sijawahi kumkosa mtu kiasi kile.

Jumamosi, 31 Agosti

Ametuma ujumbe kwamba mzigo umepungua sokoni. Elieza anasema kidonda kinakauka.

Jumatano, 4 Septemba

Restuta kauliza kama mume wangu atakuja kwenye sherehe ya ofisi atuchekeshe. Nikasema ana kazi.

Jumamosi, 14 Septemba

Msimu umekwisha. Malori yamegeukia kwingine, madalali wanarudi makwao mpaka mwakani. Mchana kutwa nimedeki, nimefua mapazia. Sijui nilikuwa nampokea nani.

Saa kumi na mbili jioni nikasikia mfuko ukitua nje ya geti. Nikaenda nimfungulie. Nimeshashika komeo, simu yake ikaita, akapokea hapo hapo upande wa pili. Alikuwa Abdulrahim, nilijua kwa tusi la kwanza.

"Nani, mimi? Mimi nimefika kwangu, Mrangi. Wewe ulale huko njiani na lori lako, ulikamue asubuhi!"

Akacheka. Kikaanzia tumboni, kikakwama, kikatoka chote, mbali nami kwa unene wa bati la geti. Nilikuwa nimeshika komeo. Nikimfungulia, atanyamaza. Kwa hiyo sikufungua. Nikaegemeza kichwa kwenye geti nikamsikiliza mume wangu mpaka alipomaliza kucheka, akasafisha koo, akanyamaza, akabisha hodi kwa upole. Ndipo nikafungua.